Imeganda, Haiitiki, Imekatika: Utatuzi wa Matatizo ya Programu za Java Swing

Swing, maktaba ya lugha ya Java ya kujenga madirisha, vitufe na majedwali, iliingia rasmi katika Java mwaka 1998, ilipotoka Java 1.2, na hadi leo imo ndani ya JDK (kifurushi cha zana za kuandikia programu za Java) bila kuhitaji kuongezewa kitu. Ndiyo maana bado naitumia kuandika programu za mauzo na stoo kwa maduka ya Kariakoo, ambako kompyuta huwa za umri tofauti, umeme hukatika bila taarifa, na mwenye duka hataki programu inayosimama kila intaneti inaposimama. Mwongozo huu ni wa yeyote anayeandika programu za namna hiyo au aliyeirithi moja kutoka kwa mtu mwingine. Nimeupanga kwa dalili, yaani kwa kile anachokiona keshia, kwa sababu anayepiga simu hasemi kwamba uzi (yaani thread, mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu) umezuiwa. Husema imeganda, au nimebonyeza lakini hamna kitu, au maandishi yamekatika. Kazi yetu ni kutoka kwenye maneno hayo mpaka kwenye mstari wa msimbo wenye kosa, bila kubahatisha.

Nabonyeza lakini hamna kitu

Mtumiaji anapofungua programu kwa kubofya faili la jar (faili lililobeba programu nzima ya Java) mara mbili, Windows kwa kawaida huiendesha kwa javaw, ambayo haina konsoli, yaani dirisha la kuandikia ujumbe. Kosa lolote linalotokea wakati wa kushughulikia mbofyo huandikwa kwenye konsoli hiyo isiyokuwepo, kisha programu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Keshia anaona kitufe kisichofanya kazi, na nimewahi kukuta duka limenunua kipanya kipya kwa sababu hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kugusa msimbo, fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda ya programu, andika `java -jar duka.jar`, kisha rudia hatua zilezile alizozifanya keshia. Mara nyingi ujumbe wa kosa hujitokeza papo hapo, ukiwa na jina la klasi na namba ya mstari.

Kosa ninalolikuta zaidi kwa njia hiyo ni NumberFormatException. Keshia ameandika bei kama alivyozoea kuiandika kwenye daftari, 12,500, nayo Integer.parseInt haiufahamu mkato huo na inakataa. Usimfundishe keshia kuandika 12500. Atasahau saa ya msongamano. Soma maandishi kwa DecimalFormat, ukitumia ParsePosition ili uhakikishe kwamba yamesomwa mpaka herufi ya mwisho, kwani bila kuhakikisha hivyo maandishi kama 12,500x yatakubaliwa kimyakimya. Hela yenyewe itunze katika long au BigDecimal. Aina ya double haiwezi kubeba hata 0.1 kwa ukamilifu, na tofauti ndogo zinazojikusanya siku nzima ndizo zinazomfanya mtu akeshe akihesabu sanduku la fedha.

Tiba ya kudumu ya dalili hii ni kuweka Thread.setDefaultUncaughtExceptionHandler mwanzoni kabisa mwa main, methodi inayoanzisha programu, ili kila kosa lisilonaswa liandikwe kwenye faili pamoja na tarehe na saa, na keshia aoneshwe ujumbe mfupi wa Kiswahili unaomwambia nini cha kufanya. Na kama una sehemu yoyote yenye catch (kipande cha msimbo kinachonasa kosa) iliyo tupu, ijaze leo.

Imeganda baada ya kubonyeza Hifadhi

Hii ndiyo dalili inayoleta hasara ya kweli, na naomba msomaji awe na subira nami hapa. Jumamosi moja mchana keshia wa duka la vifaa vya umeme alinipigia simu: "Kaka, imeganda tena, na wateja wamejaa." Nilikuwa jirani, nikaenda. Dirisha lilikuwa wazi, bei ya feni moja ya dari imeandikwa, na kitufe cha Hifadhi kimebaki na sura ya kubonyezwa. Ukilishika dirisha kwa kichwa chake lilisogea, lakini ukilitanua, sehemu iliyoongezeka ilibaki tupu. Keshia alikuwa amebonyeza mara tatu. Baada ya kama dakika moja dirisha likazinduka lenyewe, na printa ikatoa risiti tatu za feni ileile.

Dalili zote hizo zina chanzo kimoja. Kila kinachoonekana katika Swing husimamiwa na uzi mmoja, ambao ndani ya Java hujulikana kwa jina AWT-EventQueue-0. Hapa nitauita uzi wa matukio. Ndio unaochora vitufe, ndio unaohudumia mibofyo, na ndio unaoendesha msimbo wowote ulioufunga kwenye kitufe. Matukio hupanga foleni na kuhudumiwa moja baada ya jingine, kama watu mbele ya karani mmoja. Msimbo wa Hifadhi ulikwenda kwenye seva iliyokuwa katika ghala la mwenye duka huko Buguruni, mtandao ukawa unasuasua, uzi wa matukio ukakaa kusubiri jibu, na foleni nzima ikasubiri nao. Mibofyo miwili ya ziada haikupotea. Ilikuwa imekaa kwenye foleni, na uzi ulipopata nafasi uliihudumia yote. Dirisha liliweza kusogea kwa sababu kwenye Windows ujumbe wa kusogezwa hupokelewa na uzi mwingine, na jambo hilo huwadanganya wengi wakadhani programu bado ni nzima.

Usikubali dhana hata kama inaonekana dhahiri, ihakiki. Programu ikiwa bado imeganda, fungua dirisha la amri na uandike `jps` ili upate namba ya programu, kisha `jstack` ikifuatiwa na namba hiyo. Zana zote mbili zinakuja na JDK. Katika orodha ndefu itakayotoka, tafuta AWT-EventQueue-0. Uzi wa matukio ukiwa hauna kazi, utauona unasubiri ndani ya EventQueue.getNextEvent, na hiyo ndiyo hali njema. Siku ile, kwenye kompyuta yenye Java 8, nilikuta juu kabisa mstari wa SocketInputStream.socketRead0, na chini yake mistari miwili ya kwetu:

```
at duka.Ghala.hifadhi(Ghala.java:88)
at duka.DirishaLaMauzo.bonyezaHifadhi(DirishaLaMauzo.java:214)
```

Soma kutoka chini kwenda juu: kitufe kimebonyezwa, klasi ya Ghala imeitwa, nayo inasubiri mtandao. Hakuna ubishi tena. Kama ungekuta mistari ya kwako tu bila ya mtandao, chanzo kingekuwa hesabu ndefu au kitanzi kisichoisha. Kama ungekuta hali ya BLOCKED, uzi mwingine ungekuwa umeshikilia kufuli, na jstack hutaja ni uzi gani.

Tiba ni kuipeleka kazi ya kusubiri kwenye uzi mwingine na kurudisha matokeo kwenye uzi wa matukio. SwingWorker, iliyoingia rasmi katika Java 6, imetengenezwa kwa ajili hiyo hasa:

```
Mauzo mauzo = somaFomu();
kitufeHifadhi.setEnabled(false);
new SwingWorker<Integer, Void>() {
    @Override
    protected Integer doInBackground() throws Exception {
        return ghala.hifadhi(mauzo);
    }
    @Override
    protected void done() {
        try {
            lebo.setText("Risiti namba " + get());
        } catch (Exception e) {
            oneshaKosa(e);
        } finally {
            kitufeHifadhi.setEnabled(true);
        }
    }
}.execute();
```

Kuna mambo manne humo ambayo ukiyakosea dalili zitarudi kwa sura nyingine. Fomu inasomwa kabla kazi haijaanza, ili doInBackground, inayoendeshwa kwenye uzi mwingine, isiguse kisanduku chochote cha maandishi. Kitufe kinazimwa mara moja, hivyo mbofyo wa pili utakapofika utakuta hakipokei. Methodi ya get inaitwa ndani ya done, inayoendeshwa kwenye uzi wa matukio kazi ikiisha. Ukiiacha, kosa lililotokea nyuma ya pazia halitaonekana popote, na ukiiita mara tu baada ya execute, utakuwa umeugandisha uzi wa matukio upya kwa mkono wako. Mwisho, kitufe kinawashwa ndani ya finally, la sivyo mtandao ukikatika mara moja keshia atabaki na kitufe kilichokufa mpaka jioni.

Hata hivyo, kuzima kitufe hakutoshi. Inawezekana mauzo yakafika kwenye kanzidata, lakini mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Keshia ataoneshwa kosa, atabonyeza tena, na tutarudi kwenye feni mbili. Kila mauzo yape kitambulisho chake, kwa mfano UUID (namba ndefu isiyojirudia), pale fomu mpya inapofunguliwa na siyo pale inapohifadhiwa, kisha kanzidata ikatae kitambulisho kinachojirudia. Pia weka ukomo wa kusubiri. Madereva mengi ya kanzidata, yaani maktaba zinazoiunganisha programu na kanzidata, husubiri bila kikomo yasipoambiwa vinginevyo, DriverManager.setLoginTimeout na Statement.setQueryTimeout hupokea sekunde, na dereva lenyewe huwa na mipangilio yake ya kusoma mtandao ambayo ni lazima uiangalie. Kwa mtandao wetu mimi huanza na sekunde kumi, kisha narekebisha nikishaiona hali ya duka.

Leo inakubali, kesho inagoma

Mtu akishajifunza hayo, mara nyingi huangukia upande wa pili: anaanzisha nyuzi kila mahali na kubadilisha lebo na majedwali kutoka humo. Vijenzi vya Swing havikuundwa kuguswa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni matatizo yasiyo na ratiba: orodha iliyochorwa nusu, lebo yenye maandishi ya zamani, au ArrayIndexOutOfBoundsException ambayo mistari yake yote ni ya javax.swing na hakuna hata mmoja wa kwako. Ukiona orodha ya mistari ya namna hiyo, usiilaumu Java. Tafuta ni wapi unaligusa jedwali kutoka uzi usiohusika. Katika methodi unayoishuku weka sharti la SwingUtilities.isEventDispatchThread na uandike kwenye faili kila inapojibu siyo. Ukishaipata sehemu, ifunike kwa SwingUtilities.invokeLater, ambayo huipeleka kazi kwenye uzi wa matukio. Hata main inapaswa kulijenga dirisha lake la kwanza kupitia invokeLater, ingawa mafunzo mengi ya zamani hayafanyi hivyo.

Kuna mtego mdogo unaokamata hata wazoefu. Java ina Timer mbili: ya javax.swing, ambayo huendesha kazi yake kwenye uzi wa matukio, na ya java.util, ambayo ina uzi wake. Ukiacha kihariri chako kikujazie import chenyewe, huweza kuchukua ile isiyo sahihi, na saa iliyo pembeni ya dirisha itaonekana kufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya kuleta balaa.

Maandishi yamekatika, vitufe havionekani

Dalili za mpangilio huja kwa wingi programu inapohamishwa kutoka kompyuta ya mwandishi kwenda ya dukani, au inapotafsiriwa. Programu moja niliyoirithi ilikuwa na vitufe vyenye maneno ya Kiingereza ya herufi nne, kila kimoja kikiwa kimepewa upana wake kwa setBounds. Nilipoandika Hifadhi, yenye herufi saba, Swing ilikata neno na kuweka nukta tatu. Chanzo siyo urefu wa Kiswahili. Chanzo ni kupima kwa pikseli. Ondoa setLayout(null), acha kisimamizi cha mpangilio kipime maandishi yenyewe, kisha ita pack badala ya setSize.

Ikiwa kitufe cha chini hakionekani kabisa kwenye kompyuta mpakato mpya, angalia kiwango cha ukuzaji cha Windows. Tangu Java 9, iliyotoka mwaka 2017, Swing huheshimu kiwango hicho. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 iliyowekwa asilimia 150 inabaki na nafasi ya 1280 kwa 720 tu machoni pa programu yako, kwa hiyo dirisha ulilolipa 1366 kwa 768 litazidi kioo na kitufe cha Lipa kitazama chini. Kwenye Java 8 utaona kinyume chake: kila kitu kinaonekana, lakini maandishi ni madogo kiasi kwamba keshia anainama kuyasoma. Hapo dawa nzuri ni kuhamia toleo jipya, kwani kukuza fonti mojamoja ni kazi isiyoisha.

Kitufe cha mwisho peke yake ndicho kinachoonekana? Umeviongeza vyote kwenye JFrame bila kutaja upande. JFrame hutumia BorderLayout, na kijenzi kisichotajiwa upande huwekwa katikati, mahali penye nafasi ya kimoja tu. Weka vitufe kwenye JPanel kwanza. Vijenzi havionekani mpaka dirisha litanuliwe? Umeviongeza baada ya setVisible, kwa hiyo ita revalidate na repaint, au bora zaidi, acha setVisible iwe ya mwisho. Visanduku vya maandishi vimesinyaa na kuwa vijistari vyembamba? Hiyo ni tabia ya GridBagLayout nafasi inapopungua hata kidogo: huacha vipimo vinavyopendekezwa na kwenda kwenye vile vya chini kabisa. Vipe visanduku weightx iliyo kubwa kuliko sifuri na fill ya HORIZONTAL, kisha lizuie dirisha lisipungue chini ya kiasi fulani kwa setMinimumSize.

Jedwali linadanganya

Kati ya vijenzi vyote, JTable ndiyo ninayoihofia kwa niaba ya wateja wangu, kwa sababu makosa yake hayapigi kelele. Vichwa vya safu visipoonekana, umesahau JScrollPane, na hilo halimdhuru mtu. Mstari mpya usipotokea, umeiongeza bidhaa kwenye orodha yako lakini hukuliarifu jedwali kwa fireTableRowsInserted. Hayo ni mepesi.

Baya ni lile la kufuta bidhaa isiyohusika. Keshia amebofya kichwa cha safu ya bei ili bidhaa zijipange, akachagua mstari wa tatu, akabonyeza Futa, na bidhaa nyingine kabisa ikatoweka. Namba inayorudishwa na getSelectedRow ni ya mstari unaoonekana kwenye kioo, wakati orodha yako bado iko katika mpangilio wake wa awali. Pitisha namba hiyo kwenye convertRowIndexToModel kabla ya kuitumia, kila mara, hata kama jedwali hilo kwa sasa halipangiki. Siku mtu atakapowasha upangaji, hutakuwepo kumkumbusha.

La pili ni kiasi kinachopotea. Keshia anaandika 24 kwenye kisanduku cha jedwali na kwenda moja kwa moja kubonyeza Hifadhi bila kugusa Enter. Kihariri cha kisanduku bado kimeishikilia ile 24, kwa hiyo kinachohifadhiwa ni 1 iliyokuwepo mwanzo. Mweleze mwenye duka kwamba keshia hakukosea wala hakuiba. Kisha, kabla ya kusoma jedwali, weka mistari hii:

```
if (jedwali.isEditing()) {
    jedwali.getCellEditor().stopCellEditing();
}
```

Kwangu inafunguka, dukani haifunguki

Endesha kwa dirisha la amri kama nilivyoeleza mwanzo. Ukiona UnsupportedClassVersionError, soma namba zilizomo: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, na 65 ni Java 21. Ama kompaili upya kwa kutumia chaguo la `--release` lenye namba ya toleo lililopo dukani, ama funga programu pamoja na Java yake kwa jpackage, ambayo ilikamilishwa katika Java 16. Mimi napendelea la pili, kwa kuwa fundi mwingine akija kuondoa Java kwenye kompyuta hataigusa programu yangu.

Ikiwa programu inafunguka lakini nembo haipo, au inaanguka kwa NullPointerException kwenye ImageIcon, linganisha jina la picha herufi kwa herufi. Folda za Windows kwa kawaida hazitofautishi nembo.PNG na nembo.png; ndani ya faili la jar hayo ni majina mawili tofauti.

Nimeifunga lakini bado ipo

Asubuhi kompyuta ni nzito, na faili la kumbukumbu haliwezi kufutwa kwa sababu linatumika. Ukiandika `jps` utakuta nakala kadhaa za programu yako. JFrame, usipoiambia kitu, hulificha dirisha tu mtu anapobonyeza alama ya kufunga. Dirisha kuu lipe EXIT_ON_CLOSE na madirisha madogo DISPOSE_ON_CLOSE. Ukibadilishana, keshia akifunga dirisha la ripoti atazima mauzo yote. Kwa programu ya mauzo mimi huweka DO_NOTHING_ON_CLOSE kwenye dirisha kuu, nikasikiliza windowClosing, nikaangalia kama kuna risiti iliyoandikwa nusu au SwingWorker ambayo haijamaliza, nikamuuliza keshia, kisha nikafunga muunganisho wa kanzidata na kuita System.exit. Baada ya hapo andika `jps` mara moja tena, na uhakikishe jina la programu halimo kwenye orodha.